Marufaa ni nini, na neno limetoka wapi?

SWALI: Mimi ni fundi seremala hapa Nakuru. Mwalimu wa madrasa ameniagiza marufaa sita. Kijana ninayefanya naye kazi anasema ni mimbari. Mimi nilidhani ni wingi wa rufaa, ile ya mahakamani. Ni kitu gani hasa, na neno lilitoka wapi?

JIBU: Ndugu fundi, ulichoagizwa ni kiegemeo cha mbao cha kuwekea msahafu wakati wa kusoma, kile kinachofunguka mfano wa herufi X na kukunjika kikawa bapa. Mimbari ni jukwaa analopanda khatibu siku ya Ijumaa kutoa hotuba. Mimbari hubeba mtu, marufaa hubeba kitabu.

Hata hivyo, wewe hukwenda mbali na ukweli. Marufaa na rufaa ni maneno ya ukoo mmoja. Yote yanatokana na kitenzi cha Kiarabu rafa'a, yaani kuinua au kupandisha. Anayekata rufaa anaipandisha kesi mahakama ya juu, na huku kwetu Kisumu Mahakama ya Rufaa ina kituo chake. Hospitali ya rufaa nayo ndiko mgonjwa anakopandishwa zahanati ikishindwa. Marufaa huinua msahafu usiguse sakafu, kwa maana Mwislamu haweki Kurani chini.

Lakini hiyo ma- ya mwanzo si ya wingi kama katika mawe au matunda. Imekuja na neno lenyewe. Kiarabu hutanguliza m- kutaja mahali au chombo cha kufanyia jambo, na tunayo mifano tele: darasa na madrasa, hukumu na mahakama, kitabu na maktaba. Kwa hiyo usimwandikie mteja risiti ya “rufaa moja”. Moja ni marufaa, sita ni marufaa.

Na ile u ya katikati? Hiyo ni kazi ya ulimi wetu. Waarabu hutamka marfa', konsonanti mbili zikigusana. Mswahili akapenyeza irabu. Ndivyo manfa'a ilivyokuwa manufaa, na waqt ikawa wakati. Katika kazi yangu ya uhariri hukutana na marfaa pia, na siisahihishi haraka, ila marufaa ndiyo ninayoipendelea.

Ukipata mteja mwenye asili ya India au Pakistan, huenda akaiita rehali. Ni kifaa kilekile, ila jina limetoka kwa rahl, tandiko la ngamia.

Kwa upande wa ufundi, marufaa ya asili hutoka kwenye ubao mmoja mzito. Ubao hupasuliwa kwa unene wake kuanzia ncha zote mbili, na msumeno husimama kabla ya kufika kati. Pale kati huchongwa meno yanayopishana kwa patasi, mpaka vipande viwili vizunguke bila bawaba, msumari wala gundi. Kazi hii ni ya zamani sana: jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina moja ya mwaka 1360, yenye nakshi na jina la fundi aliyeichonga.

Kabla hujapasua mbao, muulize mwalimu misahafu yake ina ukubwa gani, na kama watoto husomea mkekani au mezani. Kwenye mkeka, marufaa iwe na kimo cha kumfanya mtoto asome bila kupinda mgongo. Usiifungue mno pia: kitabu kikilala wazi kabisa, mshono wake huachia upesi.