Usipeleke kaseti hiyo studio Jumatatu

Jumatatu usiende. Nimesoma ulichoandika mara mbili na usingizi umekata. Baba yako, Mungu amrehemu, aliacha wimbo nusu kwenye kaseti. Wewe na wazee wawili waliobaki wa bendi yake mmesikia Beatles, ile bendi ya Uingereza, walivyoumalizia "Now and Then", wimbo ulioachwa kwenye kaseti na mwenzao aliyefariki, mkapata moyo. Kuna fundi wa studio hapo Kampala amewaahidi kuitoa sauti ya mzee kwa akili bandia, siku mbili tu. Sasa unauliza mashabiki waliupokeaje wimbo ule, muongeze ngoma na besi au muuache ulivyo, na pesa zikiingia familia zigawane vipi. Lakini sijaona popote uliposema kwamba kaseti hiyo ina nakala. Mimi najibu hilo, mdogo wangu, kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga gitaa Jinja, bendi ya hotelini, usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Alifariki 1997. Alituachia kaseti moja ya dakika 60, juu yake ameandika kwa biro ya buluu: "Wa Mama, bado." Upande wa kwanza yuko yeye na gitaa, na mvua inapiga mabati. Baada ya ubeti wa kwanza anaacha kupiga, anakohoa, halafu anasema: "Mama, funga mlango, maji yanaingia." Unasikia bawaba zinalia, mlango unafungwa, naye anaendelea palepale alipoachia, kwenye nyuzi zilezile. Mama aliitunza kaseti ile ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda kwa miaka 26, na kila Krismasi tuliicheza mara moja tu ili isichakae.

Novemba 2023 nilikuwa nimekaa kwenye taksi Old Taxi Park, Kampala, nikisubiri ijae, nikausikiliza "Now and Then" kwenye simu. Sauti ya John Lennon, mwimbaji wao, ilitoka safi kana kwamba yuko kiti cha nyuma, na yeye aliuawa Desemba 1980. Nililia mbele za watu. Wiki ile ile nikaenda kwa mama nikachukua bati lake, nikampelekea fundi mmoja ambaye kila mtu alikuwa akimsifu. Akaitazama kaseti, akasema, "Hii kazi ndogo." Nikalipa laki tatu. Nikaondoka bila nakala, hata ya kurekodi kwa simu tu. Nilikuwa na simu mfukoni! Dakika 30 za kukaa kimya kando ya redio zingetosha.

Nikueleze alichofanya, maana na wako anaweza kufanya hivyo hivyo. Aliicheza kwenye redio kaseti ya zamani ambayo hedi yake, kile kichwa kinachosoma utepe, haijasafishwa sijui tangu lini. Wakati anaingiza kwenye kompyuta, kichujio cha kelele kilikuwa tayari kimewashwa. Hapo ndipo wimbo ulipofia. Mvua ile ya mabati na pumzi za kaka yangu ziko sehemu moja, juu kabisa, pamoja na zile "s" na "sh" zake. Ukiifuta mvua kwa kichujio cha namna ile unafuta na ulimi wa mtu. Kisha akakata pale pa kukohoa na pa mlango, akaunganisha beti mbili zisikike moja kwa moja, akahifadhi faili dogo la MP3. Alipoirudia kaseti mara ya pili redio ikaila. Akavuta, utepe ukakatika, akatupa yote kwenye pipa la taka pamoja na nyaya mbovu. Utepe uliokatika unaungwa, ndugu yangu! Nimekuja kuoneshwa na mzee mmoja fundi redio pale Katwe: unafungua kaseti, unalinganisha ncha, unaunganisha kwa utepe wake maalumu wa gundi, unapoteza kisauti kidogo tu. Nilipomuuliza yule wa studio kaseti iko wapi, alinijibu: "Si wimbo unao kwenye flashi?"

Mama aliusikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Mbona hajaniita?"

Sijawahi kupata jibu la swali hilo. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha, na haijaisha kwa yule fundi tu. Iko pia kwa hawa wanaozunguka na sauti za WhatsApp kuwaambia watu kwamba siku hizi akili bandia inarekebisha kila kitu, leta tu. Hawajui hata Beatles walifanya nini. Paul McCartney, mwenzake John kwenye bendi, alipotaja akili bandia redioni Juni 2023, dunia nzima ikadhani sauti ya John imetengenezwa na mashine, mpaka akalazimika kufafanua kwamba hakuna kilichobuniwa. Mashine ilitenganisha tu. John alikuwa amejirekodi nyumbani kwake New York miaka ya 1970 kwenye kaseti, sauti na piano zimelala pamoja. Yoko Ono, mjane wa John, alimpa Paul kanda hizo 1994. Wakatoa "Free as a Bird" 1995 na "Real Love" 1996, lakini huu wa tatu ukawashinda: piano ilimeza sauti, na mvumo wa umeme ulikuwa umejaa humo. Paul mwenyewe ameshasema kwamba George Harrison, mpiga gitaa wao, hakuupenda. Wakaacha.

Neno lenyewe ni hilo: waliacha. Hawakuichuja kwa mashine za 1995 halafu wakatupa kaseti eti kazi imekwisha. Rekodi ilibaki kama ilivyo. Hata gitaa alilopiga George kwenye majaribio ya 1995 lilitunzwa, naye akafariki Novemba 2001. Kisha wale jamaa wa Peter Jackson, mwongozaji filamu, wakitengeneza filamu ya Beatles ya "Get Back" iliyotoka 2021, wakatengeneza programu inayojifunza kutambua hii ni sauti ya mtu, hii ni ala. 2022 wakairudia kanda ya John, sauti ikatoka peke yake. Hiyo ni miaka 27 ya kusubiri. Kama asilia ingekuwa imeguswa, mashine ya 2022 ingetenganisha nini? Na wewe hujui 2040 kutakuwa na nini. Kaka yangu angekuwa bado kwenye bati la biskuti, mashine bora zaidi ingekuja kumtoa kwenye mvua ile bila kumdhuru.

Mashabiki, ndiyo, uliuliza. Wengi walilia kama mimi. Uingereza wimbo ulifika namba moja Novemba 2023, miaka 54 tangu namba moja yao ya mwisho ya 1969, na 2025 ukapata Grammy. Lakini wapo waliokasirika kweli, na hasira yao ni jambo la kukusaidia: kuna kipande cha wimbo alichoimba John ambacho kwenye toleo la mwisho kimeondolewa, na wapo wanaosema kile ndicho kilikuwa moyo wake. Wamekijuaje? Kwa sababu rekodi ile ya nyumbani ilikuwa imeshazunguka miaka mingi kwa nakala za magendo. Anayependa jipya anasikiliza jipya, anayetaka John na piano yake anamrudia John. Wanagombana vizuri kwa sababu vyote viwili vipo. Kwa wimbo wa kaka yangu hakuna ugomvi, kuna toleo moja, nalo ni bovu. Sisi hapa mjini kila Desemba tunamsikia Philly Lutaaya, mwanamuziki wetu wa Uganda, akiimba Krismasi, na alifariki Desemba 1989. Kuna mtu alizitunza kanda zake, nami namwombea mtu huyo.

Basi fanya hivi kabla ya kumwona fundi yeyote. Tafuta deki nzuri, yaani mashine ya kuchezea kaseti, si redio ya sokoni. Futa hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba na spiriti, acha ikauke. Peleka kaseti mbele hadi mwisho kisha irudishe, utepe ulegee. Zima kila kichujio, kila kitu kinachojiita cha kusafisha. Ingiza kwenye kompyuta kwa WAV ya biti 24, faili lisilobana sauti kama MP3, upande wa kwanza na wa pili, mwanzo hadi mwisho, hata palipo kimya, hata anapokohoa, hata kuku wakilia. Usikate chochote. Weka nakala tatu kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kaseti irudi kwa mama yako. Kwa fundi peleka flashi peke yake, na hapo hata akiharibu anaharibu nakala. Akikwambia lazima aione kaseti yenyewe, na aje nyumbani aione mbele ya mama, asiondoke nayo.

Ngoma na besi waulize wale wazee wawili, walicheza naye, watajua.

Deki ninayo, niliinunua baada ya msiba huu wangu wa pili, ipo Jinja na hedi yake ni mpya. Njoo na kaseti Jumapili, sitaki hata shilingi, na wewe mwenyewe ndiye utakayeishika kaseti. Lakini hebu iangalie sasa hivi: ule upande wa juu, vile vijino viwili vya plastiki vimevunjwa au bado vipo? Kama vipo, vivunje leo, maana mtu akikosea kitufe kimoja anarekodi juu ya baba yako. Nijibu usiku huu huu.