Maswali ya Wasomaji: Amechaguliwa, Mbona Hana Mkataba?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mtoto wa dada yangu amekulia Minnesota na sasa anacheza hoki ya barafuni katika chuo kimoja cha Boston. Ni beki, miaka 20, yuko mwaka wa pili. Akiwa na miaka 18 timu ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ya hoki huko Marekani na Kanada, ilimchagua raundi ya 5, tukachinja mbuzi. Tangu hapo hana mkataba wala senti. Huku watu wanasema amechezewa shere. Je, aache chuo?
Mjomba mtu, Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, mjomba. Hakuchezewa shere. Kuchaguliwa si kuajiriwa. Timu imejiwekea haki ya kumpa mkataba, basi. Kila mwaka timu 32 huchagua vijana 224 katika raundi 7, na klabu hairuhusiwi kuwa na mikataba zaidi ya 50 kwa wakati mmoja. Kijana aliye chuoni anafundishwa na kujengwa mwili bila kujaza hata nafasi moja kati ya hizo 50. Ndiyo maana klabu haina haraka.

Naye asiwe na haraka. Chuoni mechi ni kama 35 kwa msimu, nyingi Ijumaa na Jumamosi; siku zilizobaki ni mazoezi na kunyanyua vyuma. AHL, ligi iliyo chini ya NHL, ina mechi 72 na safari ndefu za basi, na wakati mwingine mechi tatu kwa siku tatu. Huko nafasi ya kujenga misuli ni finyu, na beki mwembamba hubanwa ukutani mpaka bega likaumia.

Usihesabu mabao yake. Angalia kama kocha humwingiza timu ikiwa pungufu mchezaji mmoja, au dakika za mwisho wakilinda bao moja. Zamu moja barafuni ni sekunde 40 hadi 50; akivuta hadi dakika nzima miguu imekwisha, hageuki upesi, na mshambuliaji anampita kwa nje. Tazama pia anapokifuata kwenye kona kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo: kabla hajakigusa, atupe jicho nyuma ya bega ajue nani anamjia. Asiyetazama hutoa pasi kwa adui. Vyuoni kosa hilo husameheka. Kwa wanaolipwa linakurudisha benchi.

Cale Makar, naye beki, alichaguliwa wa 4 na timu ya Colorado mwaka 2017, na bado akacheza misimu miwili chuo cha Massachusetts. Aprili 2019 alipata tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo, akasaini, na siku iliyofuata akafunga katika mechi yake ya kwanza ya NHL. Jimmy Vesey alichaguliwa na timu ya Nashville 2012, akamaliza chuo cha Harvard bila kusaini. Agosti 2016 ile haki ya kumpa mkataba ikaisha muda, akajichagulia mwenyewe timu ya New York Rangers. Kusubiri kuna nguvu yake.

Mkataba ukija, mara nyingi ni Machi au Aprili, msimu wa chuo ukiisha. Akishasaini, chuoni hachezi tena. Aulize kwanza unaanza msimu huu au ujao. Aangalie muda: anayesaini na miaka 20 hufungwa miaka 3, wa 22 miaka 2. Na asome mshahara wa AHL, si ule mkubwa wa NHL peke yake, maana kijana wa raundi ya 5 karibu kila mara huanzia chini. Kwa maoni yetu, acheze mwaka wa tatu.

SWALI: Mechi ya Boston ya saa moja jioni, Lamu ni saa ngapi?
Msomaji, Langoni

JIBU: Majira yao ya baridi, ni saa tisa usiku, ya Ijumaa yao unaiona Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri. Jumapili ya pili ya Machi husogeza saa zao mbele, kwetu inakuwa saa nane. Mashindano ya kitaifa ya vyuo huanza mwishoni mwa Machi, kwa hiyo badilisha kengele ya simu mapema.