Jibu: boga kubwa lililojisokota bustanini

Ndugu yangu, nimekuelewa: Atlantic Giant yako, ile aina ya maboga makubwa mno, imetambaa ovyo hadi huna pa kukanyaga, na boga limeanza kuvuta shina.

Shina kuu liache liende moja kwa moja. Matawi ya pembeni yaelekeze kushoto na kulia, ukiacha nafasi ya kupita. Vitawi vinavyochipua juu yake vikate vikiwa vichanga. Matawi yapange alasiri, jua likiwa limeyalegeza. Asubuhi yamejaa maji, hukatika upesi.

Vifundo vya shina, pale majani yanapochipua, vifukie udongo vitoe mizizi, ila karibu na boga mizizi hiyo ikate, ili shina liinuke boga linaponenepa. Hapo ndipo wengi hupoteza tunda: kikonyo hung'oka. Kisogeze kidogo kidogo, siku kadhaa.

Majani yakinyauka na udongo bado una unyevu, mwite bwana shamba mapema.