Wakili akidanganywa na mteja wake, je, kesi ndiyo imekwisha?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Hapa Mwanjelwa tulitazama kwenye banda la video filamu ya Primal Fear, ile ambayo Richard Gere ni wakili anayemtetea kijana aliyeshtakiwa kumuua askofu mkuu huko Chicago. Kesi ikishamalizika, wakili anagundua kuwa amedanganywa, lakini anaondoka bila kumwambia mtu. Wenzangu wanasema alikula njama na muuaji. Kwa sheria zetu, hakupaswa kwenda polisi? Na kijana angekuwa amepona moja kwa moja?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Filamu hiyo ya mwaka 1996 naipenda kwa sababu ya sentensi moja tu. Kijana, ambaye muda wote amedai kuwa hakumbuki anayoyatenda akili inapomruka, na ambaye katika hali hiyo alimkaba shingo mwendesha mashtaka mbele ya mahakama, anamwomba wakili amfikishie mwanamke huyo salamu, kwamba anatumaini shingo yake haimuumi tena. Wakili anafika mlangoni, anasimama, kisha anarudi: kama hukumbuki, umejuaje habari ya shingo? Hapo kigugumizi cha kijana kinatoweka, nasi pamoja na wakili tunaelewa kwamba mgonjwa tuliyemhurumia hakuwahi kuwapo.

Wenzako, kwa maoni yangu, wanamwonea wakili. Kula njama huhitaji makubaliano ya kutenda kosa, na huyu alidanganywa kama sisi watazamaji. Sheria yetu ya Ushahidi inamzuia wakili kutoa siri aliyoambiwa na mteja katika kazi ya uwakili bila ridhaa ya mteja huyo, isipokuwa kama siri hiyo ilitolewa ili kufanikisha uhalifu, au kama inahusu uhalifu au udanganyifu aliouona ukitendeka baada ya kuanza kazi hiyo. Kukiri mauaji yaliyokwisha kutendeka kunabaki kuwa siri. Udanganyifu uliofanyika wakati wa kesi ndio ambao mawakili wawili wangeweza kubishania hadi jioni. Hata hivyo, angeugundua uongo huo kabla ya hukumu, asingeruhusiwa kuendelea kuuweka mbele ya Jaji kana kwamba ni kweli, na njia ya heshima ingekuwa kujitoa katika kesi.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Kwetu kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, mshtakiwa hapewi dhamana, na hakuna wale wananchi kumi na wawili wa Marekani wanaoamua hatia. Sheria huchukulia kwamba kila mtu ana akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha. Katika filamu, daktari aliyemchunguza kijana aliletwa na wakili wake. Hapa Mahakama yenyewe ndiyo huagiza mshtakiwa apelekwe kuchunguzwa Isanga, nayo ndiyo hupokea taarifa ya daktari. (Ni Isanga ya Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili, si Isanga yenu ya hapo Mbeya.) Niliwahi kukaa katika Mahakama Kuu pale Iringa siku shauri la namna hiyo lilipoahirishwa: mama wa mshtakiwa, aliyeamka alfajiri kuja kutoka Kilolo, alibaki kwenye benchi akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, akiuliza kila aliyepita kama Dodoma wanaruhusu kumpelekea mgonjwa chakula.

Tena, aliyeonekana kuwa alitenda akiwa hana akili timamu harudi nyumbani jioni ile. Huwekwa chini ya uangalizi kwa amri ya Mahakama. Na tofauti na Marekani, ambako mtu akishaachiwa upande wa mashtaka hauna rufaa, hapa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufaa Mahakama ya Rufani. Rufaa hiyo, hata hivyo, husimama juu ya kumbukumbu za shauri, na maneno yale kuhusu shingo, yaliyosemwa mahabusu kati ya watu wawili, hayamo humo.