Kadi ya shilingi Dubai na Guangzhou: nani anabadilisha pesa yako?

SWALI: Habari za kazi. Nauza mikoba na viatu vya kike Kariakoo, na mwezi ujao nakwenda Guangzhou kupitia Dubai. Kadi yangu ni ya ATM ya kawaida yenye nembo ya Visa, imeunganishwa na akaunti ya shilingi. Safari iliyopita, dukani Dubai, mashine iliniuliza kama nalipa kwa dirham au kwa shilingi. Nikachagua shilingi kwa sababu ndiyo hela ninayoielewa, ila nilipopiga hesabu baadaye nikaona nimekatwa zaidi ya bei ya maduka ya kubadilishia fedha. Hotelini nako walikata pesa nilipoingia, wakakata tena nilipotoka, na ile ya kwanza ikarudi baada ya zaidi ya wiki mbili. Je, niliibiwa? Na China kadi hii itanifaa?

JIBU: Hukuibiwa, dada. Dukani ulilipia huduma ambayo hukujua kwamba inauzwa, na hotelini hela yako ilifungiwa tu. Ukijua jinsi malipo ya kadi yanavyosafiri, yote mawili yanaeleweka, na mengine yatakayokukuta China pia.

Malipo ya kadi yana hatua mbili. Kwanza mashine inaomba idhini: ujumbe unakwenda mpaka benki yako Dar es Salaam, benki inatazama salio, inakubali, na papo hapo inafungia kiasi hicho ili usikitumie kwa jambo jingine. Hapo pesa bado iko kwako, ila huwezi kuigusa. Siku moja au mbili baadaye, wakati mwingine zaidi, benki ya mwenye duka inaleta madai yenyewe, ndipo pesa inapokatwa kweli. Ndiyo maana SMS uliyopata dukani yaweza kutaja kiasi kimoja na taarifa ya akaunti ikaonyesha kingine kidogo tofauti: kiwango cha kubadilishia kinachotumika mwishoni ni cha siku madai yalipofika.

Sasa swali la dirham au shilingi. Ukichagua dirham, dai linaingia kwenye mtandao wa Visa kwa dirham. Visa wanabadilisha kwa kiwango chao cha siku, ambacho hakiko mbali na kile ambacho benki zinabadilishana fedha zenyewe kwa zenyewe, kisha benki yako inaongeza asilimia yake kwa malipo ya nje. Ukichagua shilingi, anayebadilisha ni kampuni inayofanya kazi na mwenye duka au benki yake. Hiyo inajipangia kiwango na faida yake ndani, na mara nyingi mwenye duka naye anapata mgao. Usishangae basi muuzaji akikuharakisha ubonyeze shilingi.

Tupige hesabu kwa mfano. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirham 3.6725, kwa hiyo dirham 1,000 ni kama dola 272. Tuseme dola ni shilingi 2,600: bila faida ya mtu yeyote, mkoba wa dirham 1,000 ni kama shilingi 708,000. Benki yako ikiongeza asilimia 3, utakatwa kama 729,000. Mashine ya dukani ikiweka asilimia 6, itakuandikia 750,000 na ushee. Zipo pia benki zinazokata ada ya malipo ya nje hata kama ulilipa kwa shilingi, kwa sababu tu duka liko ng'ambo. Hapo umelipa mara mbili. Waulize benki yako hili jambo moja kabla ya mengine, na wakupe jibu kwa asilimia, si kwa "ni kidogo tu mama".

Kwa hiyo kila mahali, dukani, hotelini, kwenye ATM, chagua sarafu ya nchi uliyopo. Hata ukienda na kadi ya akaunti ya dola na mashine ya Dubai ikakuuliza dola au dirham, jibu ni dirham. Kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka mwenye duka akupe uchaguzi huo, hana ruhusa ya kukuchagulia. Akikuchagulia, mwambie afute muamala na aanze upya kabla hujaondoka kaunta. Kwenye ATM watu wengi wanaogopa, kwa sababu kioo kinaonyesha kitufe cha kukataa ubadilishaji, na mtu anadhani akikataa hela haitoki. Inatoka. Unachokataa ni kiwango chao tu. Kwa ile safari iliyopita, kama risiti inaonyesha kwamba ulikubali shilingi, hakuna madai ya kufungua.

Hoteli ni habari nyingine, na kwa kadi ya aina yako ndiyo inayouma zaidi. Unapoingia, hoteli inaomba idhini ya gharama za chumba pamoja na akiba ya vitu unavyoweza kutumia au kuharibu. Mwenye kadi ya mkopo anafungiwa nafasi ya kukopa. Wewe unafungiwa mtaji. Unapotoka, mhudumu mvivu anaswaipu upya badala ya kumalizia idhini ile ya mwanzo, na ile ya mwanzo inabaki ikining'inia mpaka muda wake uishe au hoteli itume ujumbe wa kuiachia. Kwa hoteli na magari ya kukodi muda huo unaweza kufika mwezi. Benki yako mara nyingi haiwezi kuiondoa yenyewe mpaka hoteli ithibitishe kwamba haina dai. Kwa hiyo unapotoka tumia kadi ileile uliyoingilia, na useme wazi kwamba unataka wamalizie idhini ya kwanza. Chukua risiti zote mbili. Kama hoteli inapokea dhamana kwa fedha taslimu, mimi ningetoa taslimu na kuiacha kadi mkobani.

China ina mambo yake. Kule watu wanalipa kwa simu, kwa programu za Alipay na WeChat, kuanzia hotelini mpaka kwa muuza machungwa. Maduka mengi hayana mashine ya kupokea Visa, hata ukiwa na mamilioni kwenye akaunti. Lakini kadi yako unaweza kuiunganisha ndani ya Alipay au WeChat kwa kutumia hati ya kusafiria, kisha ukalipa kwa kuskani msimbo wa QR kama wenyeji. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya ziada. Yakizidi hapo wanaongeza asilimia 3, juu ya ile ya benki yako. Supu, teksi na treni za mjini zitapita bila ada. Hoteli haitapita.

Fanya uunganishaji huo ungali Dar. Benki itakutumia namba ya uthibitisho kwa SMS, na inakuja kwenye laini ileile uliyoiandikisha benki. Ukishafika Guangzhou huku laini yako haijafunguliwa kutumika nje ya nchi, kadi inakuwa plastiki tu. Washa huduma hiyo kwa kampuni yako ya simu kabla ya kuondoka, uwache laini ya nyumbani ndani ya simu, na intaneti ununue kwa laini nyingine. Pia hakikisha kwenye programu ya benki kwamba malipo ya nje ya nchi na ya mtandaoni yamefunguliwa. Baadhi ya benki huyafunga mpaka mteja aombe.

Kitu ambacho kadi haitakufanyia ni kulipia mzigo. Kuna ukomo wa siku wa benki yako, kuna ukomo wa Alipay, na wauzaji wengi wa jumla hukuonyesha msimbo binafsi wa QR, ambao kwa kawaida kadi za nje haziwezi kuulipa kwa sababu zinalipa biashara zilizosajiliwa tu. Mzigo ulipe kwa TT, yaani uhamisho wa fedha wa benki kwa benki, kutoka benki yako, kwenda akaunti ya kampuni inayolingana na jina lililo kwenye ankara. Kama unabeba dola mkononi, ujue China inataka utangaze forodhani ukizidisha dola 5,000, na kwetu Tanzania unatangaza kuanzia dola 10,000.

Kutoa taslimu kule kunawezekana. Tafuta ATM za benki kubwa kama Bank of China au ICBC zenye nembo ya Visa. Namba zao za siri zina tarakimu sita. Wewe weka zako nne na ubonyeze kitufe cha kuthibitisha. Kila utoaji una ada yake, hivyo toa mara chache kiasi kinachotosha, na toa saa za kazi kwenye mashine iliyo ndani ya tawi. Mashine ikimeza kadi Jumamosi usiku mtaani, utabaki hapo na lugha ya ishara.

Mtaji usiuache kwenye akaunti inayoguswa na kadi. Fungua akaunti ndogo ya safari, uwe unahamishia humo kidogo kidogo kwa simu. Atakayenakili kadi yako atakuta hela ya chakula cha siku mbili. Beba pia kadi ya pili ya benki nyingine, na isikae kwenye pochi moja na ya kwanza.

Namba ya benki iandike kwenye karatasi, ile inayoanza na +255. Namba za bure za 0800 kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje, na WhatsApp haifunguki kwenye mitandao ya China, kwa hiyo yule afisa wako mnayechati naye hutampata huko kirahisi. ATM ikikata salio bila kutoa noti, usigombane na benki ya pale. Piga picha mashine na namba yake, andika saa na kiasi, tunza karatasi kama imetoka, kisha fungua malalamiko kwa benki yako mwenyewe siku hiyohiyo. Ndiyo yenye njia ya kumdai mwenye mashine kupitia Visa, na madai hayo yana muda wa mwisho.