Mbuzi wa mwenyekiti

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea huku Newala, nalipwa kwa habari inayotoka. Wiki iliyopita nilituma hii: "Mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji aliyegongwa na bodaboda amechinjwa na wananchi wenye hasira." Mhariri akaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp, akauliza maziko ni saa ngapi. Tangu hapo naitwa Mama Mbuzi. Niache kazi?
Binti wa Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisikufiche, nimecheka mpaka chai ikanipalia.

"Aliyegongwa" yako imesimama njia panda. Ingekuwa baiskeli ya mwenyekiti, "iliyogongwa" ingemaliza ubishi palepale. Lakini mbuzi na mwenyekiti kisarufi ni ndugu, wote "aliye". Hapo dawa ni kukata: "Bodaboda imegonga mbuzi. Mbuzi huyo ni wa mwenyekiti wa kijiji." Na hao "wenye hasira" nina shaka nao. Mtu anayechinja mbuzi wa bure ana hasira ya nini? Uliwauliza, au umeyaokota tu maneno kwenye habari za wenzio, kama yule dereva wetu wa kila siku "aliyetokomea kusikojulikana"?

Yako imenaswa kabla ya kuchapwa. Yangu haikunaswa. Miaka ya tisini nilikuwa nikisoma habari kwa simu ya mezani hapa Mtwara mjini, mwenzangu Dar es Salaam anaandika, laini inakwaruza. Nikasema: "Mvuvi akamatwa na baruti Mikindani." Ikatoka: "Mvuvi akamatwa na baruti mkononi." Baruti ilikutwa ndani ya mtumbwi wenye watu wanne, na yeye alikuwa anakana. Chumba cha habari kilicheka wiki nzima, nikabatizwa Mkononi.

Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuja kufunguliwa 2003. Enzi hizo gazeti lilingoja pantoni Ndundu pamoja na abiria. Nililiona siku ya tatu. Aliyeniletea ni kaka yake yule mvuvi, amelibana kwapani. Akalitandaza mezani, akaweka kidole juu ya lile neno. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mkononi, dada, ulimwona?" Masahihisho yalitoka mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la kiwanja. Jina la utani nimelisahau zamani, kile kidole bado.

Kwa hiyo kazi usiache. Umama Mbuzi utakwisha minada ya korosho ikianza, pale mwenzio atakapoandika "korosho za wakulima waliohifadhiwa ghalani". Nawe ucheke, ila kwa kiasi.

Halafu habari yako haijakwisha. Mwenyekiti ulimpigia? Mwenye bodaboda amemlipa mbuzi wake, au na yeye ametokomea?