Mwanangu, kuhusu hizo siku tatu za juisi

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, jana usiku na leo baada ya alfajiri. Umeniambia wewe na wenzako watatu hapo kazini Upper Hill mnataka kuagiza juisi, chupa 6 kwa siku kwa siku tatu, bila chakula kingine chochote, ili kusafisha mwili baada ya ulaji wa Idi na ile harusi ya Mombasa. Umesikia kwa dada yako kwamba mimi nilijaribu mwaka jana. Unataka kujua ilikuwaje, na kama nawe ufanye. Nilianza kukujibu kwa sauti, nikaona maneno ni mengi, na mengine ningependa uyasome zaidi ya mara moja.

Ni kweli nilijaribu. Wenzangu wawili wa chama walikuwa wamefanya na wakasifu mno, na mimi siku hizo nilikuwa najisikia mzito, tumbo limejaa gesi, viatu vinanibana. Uuguzi nimeufanya miaka 31, kwa hiyo mengi ya haya nitakayokueleza nilikuwa nayajua. Lakini kuyajua kwa ajili ya mgonjwa ni jambo moja, na kuusikiliza mwili wako mwenyewe ni jingine. Nikasema ngoja nione.

Sikununua za chupa. Niliondoka South B mapema, nikaingia soko la Marikiti kabla jua halijapanda, nikarudi na karoti, bitiruti, matango, machungwa, nanasi mbili, tangawizi na ndimu. Spinachi nilichukua kwa mama mboga wetu wa hapa getini.

Siku ya kwanza mpaka adhuhuri nilikuwa mzima kabisa. Ilipofika alasiri kichwa kikaanza kunigonga, na hadi isha nilikuwa nimejilaza taa imezimwa. Nikampigia mwenzangu mmoja wa chama, akaniambia, "Vumilia, hiyo ni sumu inatoka." Na wewe utaambiwa hivyo hivyo, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Mimi nakunywa chai vikombe vinne kwa siku, chai ya maziwa iliyoiva majani. Siku ile sikuonja hata kimoja. Mtu aliyezoea kafeini akiikata ghafla, kichwa huanza kumuuma nusu siku hadi siku nzima baada ya kikombe cha mwisho, na kinaweza kuendelea kumsumbua siku kadhaa. Ni kichwa kile kile cha siku za mwanzo za Ramadhani. Tumefunga miaka yote hiyo na hatujawahi kukiita sumu. Wewe na kahawa yako ya asubuhi, na ile ya saa nne, na ile ya kurudi kutoka chakula cha mchana, kitakushika kuliko kilivyonishika mimi.

Na hiyo sumu yenyewe ni ipi? Niliwauliza wenzangu wa chama, hakuna aliyeweza kuitaja. Figo zako mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja kama lita 180 kwa siku. Unaikumbuka ile mitungi ya njano ya lita 20 tuliyokuwa tukiipanga ukumbini mabomba yakikauka? Wewe ndiye uliyekuwa ukiibeba kutoka chini, wawili wawili. Basi lita 180 ni mitungi tisa. Figo zinaipitisha mitungi tisa mchana na usiku, zinarudisha karibu maji yote kwenye damu, na kinachobaki, lita moja au mbili, ndio mkojo. Ini nalo linachukua amonia inayotokana na protini uliyokula, linaigeuza urea, ndipo figo zinaweza kuitoa. Hivi unavyosoma, kazi hiyo inaendelea.

Nimewahudumia watu ambao figo zao zimekufa. Hao ndio wanaosafishwa damu kweli, wamelala kwenye mashine saa nne nzima, mara mbili kwa wiki au zaidi, na sindano nene mkononi. Je, unajua tunawakataza nini? Juisi ya machungwa ni mojawapo, na ndizi pia, kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo. Figo zao haziwezi kuyatoa, na yakizidi kwenye damu yanaweza kuusimamisha moyo. Kila nikisoma kwenye chupa maneno ya kwamba juisi inasafisha, nawakumbuka wao.

Siku ya pili ndiyo iliyonifunza zaidi. Kichwa kilikuwa kimepoa kidogo. Nilisaga karoti na bitiruti kwenye blenda, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimelowa, nikachukua kile kifumbu cha nyanya yako cha kuchujia tui. Nikakamua. Mikono ikawa myekundu mpaka kwenye viwiko. Juisi ilitoka gilasi nne, na kifumbu kikabaki kimejaa machicha, mekundu, mazito, bado yananukia udongo. Kwa machicha ya nazi najua: ukishakamua tui la kwanza na la pili, kizuri kimekwishatoka. Haya nilipoyashika niliona ni chakula ambacho bado hakijaguswa. Nyuzinyuzi zote ziko pale, zile zinazolainisha choo, zinazokushibisha, zinazozuia sukari isikimbilie kwenye damu yote kwa pamoja. Nilikuwa nimeondoa chakula, nimebakisha maji matamu.

Fikiria machungwa. Gilasi moja ya juisi inataka machungwa matatu au manne. Ukae uyamenye, uyatafune, uteme kokwa, la tatu tu litakuchosha. Ukiyanywa, ni dakika moja, na baada ya saa moja njaa imerudi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilipotoa mwongozo wake wa sukari, liliihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na ile tunayotia kwenye chai, hata kama juisi umeikamua mwenyewe jikoni kwako. Likasema kwa mtu mzima ikiwa chini ya gramu 25 kwa siku, kama vijiko sita vya chai, ndiyo bora. Gilasi moja ya machungwa inakaribia hapo. Na chupa sita je? Tunda zima, lenye nyama yake, halimo katika hesabu hiyo.

Uzani nao. Asubuhi ya siku ya tatu mizani ilisema nimepungua kilo 2, na nakiri nilifurahi. Lakini mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, kama nusu kilo hivi, na kila gramu yake imeshikana na maji kama gramu tatu. Usipokula vya kutosha, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Siku tano baadaye kilo zangu zote mbili zilikuwa zimerudi.

Sasa nikueleze la mjomba wako, kwa sababu ndilo lililonifanya niketi kuandika. Nilimkataza dada yako asikwambie, nikidhani nakupunguzia wasiwasi. Nilikosea.

Mjomba wako alinisikia nikilisimulia jambo hili, naye bila kuniuliza akaagiza chupa zake, za majani na matango, zisizo na tunda, akiamini ndizo salama kwa mwenye kisukari. Vidonge vyake akaendelea kuvimeza kama kawaida, na vyake ni vya aina inayolilazimisha kongosho kumwaga insulini, umekula au hujala. Saa kumi jioni mkewe akanipigia. Nilimkuta kwenye kiti, shati limelowa jasho kama amenyeshewa, mikono inatetemeka, na akaniita kwa jina la marehemu mama. Nikamtoboa kidole kupima sukari: 2.4. Chini ya 4 sukari imeshuka mno. Nikamkorogea sukari vijiko vitatu kwenye maji, akanywa huku nimemshikia kikombe, nikasubiri dakika 15, nikapima tena. Alipofika 5 akaniuliza kwa nini nalia. Aliyemuuzia hakumuuliza kama ana ugonjwa wowote. Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika funga aliyoifaradhisha, amempa ruhusa mgonjwa na msafiri wasifunge, wailipe siku nyingine. Anayeuza chupa anashindwaje kuuliza swali moja?

Babu yako mzaa mama alikuwa na kisukari, mjomba wako anacho, na wewe una miaka 34 na kazi ya kukaa kutwa. Kwa hiyo kabla ya juisi yoyote, nenda ukapime sukari asubuhi hujala kitu. Ikifika 7 au zaidi, hizo fedha za chupa zipeleke kwa daktari. Yule mwenzenu mjamzito uliyemtaja asifanye kabisa, na umwambie ni mimi niliyesema. Anayemeza dawa za presha au za kolesteroli aulize mfamasia kwanza, hasa kama kuna balungi ndani, maana balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo mwilini. Na asiwepo wa kunogewa akaziongeza siku tatu kuwa wiki mbili: spinachi na bitiruti mbichi zina oksaleti nyingi, ambayo huleta mawe kwenye figo, na wako watu ambao figo zao zimeharibika kwa kunywa juisi za namna hiyo mfululizo.

Jingine ni usafi. Juisi hiyo haijapita kwenye moto, na itakujia juu ya boda katika jua la mchana. Mboga za jiji hili nyingine zinamwagiliwa maji usiyoweza kuyatazama mara mbili. Mwaka 2017 kipindupindu kilifika mpaka kwenye mikutano ya hotelini hapa Nairobi, kwa watu waliodhani ni ugonjwa wa mitaa isiyo na choo. Ukitengeneza mwenyewe, osha chini ya maji yanayotiririka, menya kinachomenyeka, na unywe siku hiyo hiyo. Umeme ukipotea usiku, cha kwenye friji kimwage.

Lakini sitaki udhani ninakukataza. Kuna kitu nilikipata. Siku zile mbili na nusu niligundua ni mara ngapi mkono wangu unakwenda mdomoni bila njaa: nikikaanga viazi karai naonja vitatu, nikipita mezani namega mahamri. Hilo sikuwahi kuliona mpaka nilipojizuia. Kama ni hicho unachokitaka, kujiona, siku moja inakutosha. Ifanye Jumamosi ukiwa nyumbani, usiende kukimbia msitu wa Karura, usiendeshe gari mbali. Punguza kahawa kidogo kidogo kuanzia Jumanne. Mboga ziwe nyingi kuliko matunda, na usichuje, kunywa na uzito wake. Ukisikia kizunguzungu au kutetemeka, kula papo hapo, usingoje jioni, usione haya. Jioni fungua kwa uji na ndizi, kama tunavyofuturu, usirukie pilau.

Huo uzito unaoulalamikia, baba, nadhani unatokana na chipsi za saa tatu usiku na kulala saa nane. Nausikia hata kwenye sauti yako. Juisi haitalifikia hilo, na mimi pia kutoka South B siwezi kulifikia, ila unaweza kuja kula kwangu siku mbili kwa wiki. Njia ya kutoka Upper Hill si ndefu.

Siku ya tatu sikuimaliza. Adhuhuri nilitoa yale machicha kwenye friji, nikayakanda na unga, chumvi na mafuta kidogo, nikasukuma chapati. Zilitoka na rangi ya waridi, tamu kwa mbali, laini mpaka kesho yake. Nilikula mbili na ndengu, nikanywa na chai. Jumapili nitazipika tena, kwa hiyo njoo na hao wenzako kama wanapenda. Kifumbu nimekiosha na kukianika, kiko nyuma ya mlango wa jikoni. Kipimo cha sukari kiko kwenye droo, na vijiti vyake bado ni vipya. Ukija asubuhi kabla hujala, nitakupima mwenyewe.

Mamako